Usinunue hicho kitabu cha kuruka stori, nakuomba

Aisee acha. Kama dirisha la kulipia bado liko wazi, lifunge kwanza ndo uje usome hii.

Mleta uzi anasema yuko leveli 40 kwenye lile gemu la mtandaoni Final Fantasy XIV, kachoka kutumwatumwa huko kwenye theluji, kwa hiyo anataka kununua kile kitabu cha kuruka stori aanzie moja kwa moja Shadowbringers, nyongeza ya tatu ya gemu, "maana kila mtu anasema utamu unaanzia pale". Halafu kauliza ashike jobu gani (yaani karakta wake awe mpiganaji wa aina gani) na ahamie seva gani. Na watu watatu hapo juu wamemjibu "nunua tu mkuu, huna cha kupoteza". Nyie watatu mna roho gani lakini.

Mimi nilinunua. Nilikuwa leveli 37, nikaambiwa maneno hayohayo, "huna cha kupoteza", na aliyeniambia alikuwa kiongozi wa kundi letu, mtu niliyemheshimu, kwa jinsi alivyokuwa anaongea ungedhani gemu kalitengeneza yeye. Akasema mwanzo wote ni kubeba mizigo, wahusika hawana maana, Shadowbringers inajitosheleza, utaelewa tu mbele ya safari. Nilikuja kujua baadaye kwamba timu yao ya reidi, yale mapigano magumu ya kikundi, ilikuwa imekimbiwa na mponyaji na walimtaka mtu wa kushika White Mage wiki ileile. Sio kwamba alinipenda. Alikuwa anatafuta dripu yenye miguu. Na hiyo timu yenyewe ilivunjika baada ya wiki tatu, walitukanana kuhusu nani alisimama kwenye moto, kila mtu akashika njia yake, mimi nikabaki na karakta wa leveli ya juu ambaye kila anakopita anaitwa shujaa na hajui alifanya nini.

Ngoja nikwambie inakuwaje ukianzia pale maana hao hawatakwambia.

Unavutwa mpaka dunia nyingine, unafika mji unaitwa Crystarium, unapewa chumba. Umekaa zako, anatokea jamaa mkubwa ana shoka, mzimu, hakuna anayemwona isipokuwa wewe, na anaongea na wewe kama mtu mnayedaiana. Ardbert. Karakta wangu anamwangalia kama anamjua. Mimi nikadhani ni bagi, gemu limeharibika. Sitanii, niliandika kwenye chati ya kundi "kuna mtu kaingia chumbani kwangu hatoki, nifanyeje", wakacheka, na mpaka leo kuna watu wananiita Mwenye Nyumba. Kumbe huyo nilitakiwa niwe nimeshapigana naye kwenye stori za mwishomwisho za Heavensward, nyongeza ya kwanza, yeye na wenzake, walivuka kuja kwenye dunia yetu waiangamize ili waokoe ya kwao. Ukilijua hilo, kila neno analosema mle chumbani ni zito, mtu aliyeshindwa anaongea na mtu ambaye bado hajashindwa. Mimi nilikuwa nabonyeza harakaharaka nikalale.

Lakini hiyo bado ni ndogo.

Aliyekuita kwenye hiyo dunia ni bwana mmoja anajiita Crystal Exarch, amejifunika joho na kofia, uso hauonyeshi karibu stori nzima. Mpole, anakujali kupita kiasi, na unahisi kuna kitu anaficha. Sasa siku ya siku tuko juu ya Mt. Gulg, usiku mnene, tuko wanne kwenye voisi, wenzangu walishaimaliza kitambo ila walikuja makusudi "kukusindikiza mdogo wetu, hii usiitazame peke yako". Jamaa anaanza kuivuta ile nuru uliyoimeza safari nzima na sasa inakuua, aibebe yeye afe nayo, upepo unapiga, kofia inaanguka. Masikio ya paka, nywele nyekundu. Karakta wangu anashtuka kabisa, anamtambua. Kwenye voisi dada mmoja ameshaanza kulia, nasikia anavuta makamasi. Mwingine anasema kwa sauti ya chini, "ndo yeye, ndo yeye". Na kabla jamaa hajamaliza kazi yake anapigwa risasi ya mgongoni.

Nikauliza, "Samahani, huyu ni nani?"

Kimya. Kile kimya cha mtu aliyeuliza marehemu alikuwa nani huku amelishika jeneza.

Kiongozi wetu mheshimiwa alikuwepo kwenye voisi hiyohiyo. Unajua alisema nini? "Aah, si utaisoma kwenye wiki." Isome kwenye wiki! Mtu aliyeniambia wahusika wa mwanzo hawana maana anakaa analia juu ya mhusika wa mwanzo, halafu mimi ananipa kazi ya kusoma. Nilizima maiki nikaenda kunywa maji. Ningeyasema niliyokuwa nayafikiria wangenifukuza kundi kabla halijavunjika lenyewe.

Basi nikasoma. Anaitwa G'raha Tia. Mnazunguka naye kwenye ile stori ya Crystal Tower, hukohuko kwenye A Realm Reborn, sehemu ya kwanza ya gemu, unakokuita kubeba mizigo, kijana mjuvi, anapenda hadithi za mashujaa kama mtoto, na mwisho anajifungia ndani ya mnara alale usingizi mpaka kizazi cha mbele kije kumwamsha. Unamuaga pale mlangoni, mlango unafungwa, unaendelea na maisha yako. Anaamshwa baada ya miaka 200, anakuta ulishakufa zamani na dunia imeharibika, watu wa wakati huo wanaugeuza ule mnara uvuke wakati na uvuke dunia ili kifo chako kisitokee, halafu akafika mapema, akakaa karibu miaka 100 anakusubiri. Miaka mia mtu anakusubiri, we unafika unauliza samahani huyu nani.

Nililielewa lote hilo kwa dakika kumi za kusoma, nikaona ni stori kali sana, na sikuhisi kitu. Hapo ndo nilijua nimeliwa. Kuelewa nilielewa. Ila ule mlango sikuwahi kusimama mbele yake ukifungwa, na hakuna pesa inayorudisha hilo kwa sababu sasa hata nikirudi, ninapomwona tu najua ataishia wapi.

Mtasema si kuna Unending Journey, kile kitabu kwenye vyumba vya kulala wageni ambacho unaweza kurudia kuangalia video zote za stori hata ulizoruka. Nilijaribu. Usiku mbili mfululizo, Heavensward yote, nimejifunika blanketi. Ni kama kuangalia video ya harusi ya watu usiowajua, unaona wanacheka, unaona fulani analia, unajiuliza keki wanakata saa ngapi. Kwa sababu stori ya gemu hili haiko kwenye zile video peke yake. Iko kwenye kutembea katikati. Kuna safari humo mko wanne, Alphinaud, Estinien, Ysayle na wewe, Estinien maisha yake yote kaapa kuua madragoni, Ysayle anawapenda kuliko watu, na hawa wawili inabidi wakae kuzunguka moto mmoja, na Alphinaud kijana wa watu aliyeanza gemu akijiona anajua siasa za dunia nzima hapo hata kuni hajui kuokota. Kwenye video ni kipande kifupi tu. Ukicheza mwenyewe unakuwa umepanda milima nao, umetumwa na kila mmoja wao vitu vya kipuuzi, umeongea na kila mmoja baada ya kila kazi, ukagundua maneno yao yanabadilika kidogokidogo na hakuna aliyekulazimisha kuyasoma. Kwa hiyo mmoja wao akiondoka, anaacha pengo mahali ulipozoea kumkuta. Mimi Ysayle alipoondoka nilikuwa nakula karanga.

KWA HIYO HAIRUKWI. Hata mstari mmoja. Bora ucheze polepole mwaka mzima kuliko kuruka.

Sasa sikatai mwanzo unachosha, tusidanganyane. Ile karamu kabla ya Titan, unatumwa divai, unatumwa jibini, unazunguka nusu ya dunia kama mpishi wakati zimwi la ardhini linasubiri, pale hata mtakatifu anatukana. Na nyie wa siku hizi mmepunguziwa, 2020 walikata baadhi ya kwesti, hizo kazi za kutumwa, za A Realm Reborn. Chosha itachosha. Ila ndo inavyofanya kazi yake, inakuzoesha watu mpaka unawaona wa kawaida. Hata kuzaliwa kwa gemu lenyewe ni hivyo, lilitoka 2010 likaanguka vibaya, 2012 wakazima seva kwa kuidondosha dunia yote, mwezi unapasuka dragoni Bahamut anatoka ndani anachoma kila kitu, 2013 wakafungua upya, na kwenye stori mpya watu wanawakumbuka wale mashujaa wa zamani ila sura zao haziji, kama umemtazama mtu aliyelipa jua mgongo. Hiyo theluji unayoilalamikia ni ya janga hilohilo. Hapo Coerthas, kwenye theluji yako, kulikuwa kijani. Ukiruka, inabaki theluji tu.

Na hapohapo kwenye theluji. Leveli 40 umeniambia. Basi uko kwenye ile kambi ya Camp Dragonhead au umepita juzi tu. Kuna jamaa pale mezani, Haurchefant, mwana wa nje ya ndoa wa ukoo mkubwa wa mji wa Ishgard, anafurahi kukuona mpaka inaleta aibu, anakuomba umsaidie rafiki yake Francel anayesingiziwa uasi. Umemwona? Umemchukulia kama mtoa kwesti mwingine eeh. Sitasema lolote juu yake. Yaliyompata Exarch nimekumwagia yote kwa sababu we si ulikuwa unapanga kuruka, mwenye kuruka hana haki ya kulalamikia spoila, lakini huyu simgusi. Utaondoka hapo, utarudi mara nyingine umefukuzwa mji mzima umekugeuka, Alphinaud kakaa kama kifaranga kilichonyeshewa, na huyu jamaa atawafungulia mlango na kuwapa kinywaji cha moto bila kuuliza maswali. Basi. Ukifika hapo kumbuka kuna mtu jukwaani alikutukana kwa upendo.

Na cha kuchekesha kuliko vyote, au cha kuliza sijui, hiyo sehemu yote unayotaka kulipa uiruke iko kwenye toleo la kujaribu bure. A Realm Reborn, Heavensward, tangu 2023 na Stormblood, nyongeza ya pili, pia, mpaka leveli 70, haina kikomo cha muda. Yaani unatoa hela ili usipewe cha bure. Nilivyolifanyia hesabu hilo nilikaa chini.

Na nyie mnaotengeneza video za ushauri wa gemu, msidhani nimewasahau. Yule mmoja mwenye ile video ya "anza hapa usipoteze muda", kaka, wewe unaishi kwa watu kupoteza muda.

Jobu, ulitaja White Mage na Dragoon nadhani. Chukua Dragoon, yule mpiganaji wa mkuki, kwesti zake zinakukutanisha na Estinien mapema kabla stori kuu haijakuletea, ukimkuta Heavensward unakuwa unamjua jeuri yake. White Mage sitaki kuizungumzia.

Mimi nimeanza karakta mpya, kutoka sifuri, nasoma kila kitu, hata yule mama wa sokoni anayelalamikia mbu. Divai nimepeleka, jibini nimepeleka. Francel nimemsafisha jina. Nimemaliza kila kwesti ndogo iliyopo Camp Dragonhead, sina kazi tena pale, stori inaniambia niondoke na kila nikiingia najikuta nimesimama mbele ya ile meza, nambonyeza Haurchefant, anafurahi kuniona, natoka naenda kuvua samaki. Wiki ya pili hii.