Japani: asitie saini fomu ya talaka bado

Dada, umeuliza kama mdogo wako aliyeolewa Osaka asaini fomu aliyoletewa na mumewe, kwa vile wakwe wanataka mambo yaishe kimyakimya. Asisaini kwanza. Kule talaka ya makubaliano haipiti mahakamani: fomu moja, saini zao wawili, mashahidi 2 watu wazima (hata mama mkwe anafaa!), inapelekwa manispaa, imekwisha. Karani anaangalia imejazwa sawasawa tu, hamuulizi mke kama ameridhika, na ndiyo maana hata saini ya kughushi huweza kupita.

Kwa hiyo aende manispaa leo na kitambulisho, aweke ombi la kuzuia fomu isipokelewe, wanaliita fujuri mōshide. Ni bure, na linadumu mpaka alifute mwenyewe.

Ukoo wa mume usimtishe. Sheria ya kiraia iliyorekebishwa 1947 iliuondolea mamlaka juu ya ndoa. Wasipoelewana, kabla ya kesi ni lazima wapitie usuluhishi mahakama ya familia. Matunzo ya watoto yaandikwe kwa mthibitishaji wa serikali, pamoja na kifungu ambacho baba anakubali kulazimishwa kulipa akikwepa. Bila hicho, hadi Machi 2026 kukata mshahara wa baba kulihitaji kwanza uamuzi wa mahakama. Wakiachana, mdogo wako ana siku 14 kuwajulisha uhamiaji.