Krismasi haitumwi na ya kutoa

Nauli ya kwenda Western ikishaanza kutajwa kwa jumuiya yetu ya Wakatoliki hapa Umoja, Nairobi, ujue Krismasi imefika, hata kama kalenda bado inasema Novemba. Kuna wenye wanapiga hesabu watalipa ngapi pale stendi ya Machakos Country Bus tarehe 23 makanga akiwa amepandisha mara mbili, kuna wenye wameshaamua hawaendi, watamtumia tu mama kitu kidogo kwa simu na ya kutoa (ile ada ya kutoa pesa) juu yake, wamwambie hali ni ngumu. Na lazima kuna mtu ataniuliza, kwa vile mimi ndio huongoza maombi pale, sasa mtu hajaenda ocha, yaani kijijini kwao, hana pesa ya mbuzi, watoto hawana nguo mpya, huyo Krismasi yake ni gani?

Hilo swali nimelijibu kwa mdomo hadi nimechoka, saa hii naandika, mtu akiuliza nimtumie linki.

Krismasi kwa Mkristo ni kwamba Mungu alikuja mwenyewe. Zamani alikuwa akituma watu, barua kwa Waebrania inaanza hivyo hivyo, kwamba alisema na baba zetu katika manabii kwa sehemu nyingi na kwa njia nyingi, akamtuma Musa, akamtuma Isaya, akamtuma Yeremia ambaye kwanza alijitetea ati yeye bado ni mtoto, halafu wakati ukafika akaja. Yohana 1:14, Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu. Na hakupita tu kusalimia, alikaa miaka thelathini na kitu, na mingi ya hiyo miaka alikuwa Nazareti kwa kazi ya mikono yenye hakuna mtu hata mmoja aliandika habari yake.

Kijana mmoja wa kwetu (vijana wetu husoma Biblia, msiwadharau) akaniambia lakini Paulo kwa Wagalatia 4:4 anasema Mungu alimtuma Mwanawe, so alituma. Ni kweli amesema. Lakini huyo aliyetumwa ni Mungu, hiyo ndio tunakiri kila Jumapili kwa Nasadiki (ile kanuni ya imani), Mungu aliyetoka kwa Mungu, na tukifika pale pa kufanyika mtu tunainamisha kichwa, na siku ya Noeli tunapiga magoti kabisa. Mwaka huu uangalie, utaona wengine wanababaika kwa sababu wamezoea kuinama tu.

Sasa mimi pesa natuma kama kila mtu. Mama yangu yuko Bungoma na dawa za presha hazinunuliwi na maombi. Sikatazi mtu kutuma. Lakini naonanga tumefika mahali Nairobi tunatuma kila kitu, rambirambi tunatuma, harusi tunatuma, pole ya mgonjwa tunatuma, na tukishapata ile meseji ya kuthibitisha tunasikia kazi imeisha. Kwa hivyo ushauri wangu wote wa Krismasi ni huo mmoja tu, nenda mwenyewe mahali, na kama huwezi kwenda mbali nenda karibu.

Anza na Majilio lakini, usingoje tarehe 24. Kwa wasio Wakatoliki (na Waanglikana na wengine pia wanayo), Majilio ni zile Jumapili nne kabla ya Noeli, ya kwanza huangukia kati ya 27 Novemba na 3 Desemba. Padre anavaa zambarau, wimbo wa Utukufu hauimbwi, masomo ni Isaya na Yohana Mbatizaji anapigia watu kelele watengeneze njia. Huku nje maduka yameshaweka nyimbo za Krismasi tangu mwezi wa kumi na moja, ndani ya kanisa bado tunangoja, na hiyo tofauti mimi naipenda sana. Kitubio fanya mapema, wiki ya pili hivi, maana ukingoja wiki ya mwisho utapiga foleni na utaungama haraka haraka kwa sababu nyuma yako kuna watu wanakohoa.

Mimi Majilio hutumia kumaliza kesi. Kulikuwa na wifi yangu tulikuwa hatuongei sababu ya mambo ya shamba, nikamwandikia meseji ndefu sana, nzuri, na mistari ya Biblia ndani, halafu nikaisoma nikaona hapana, hii inasikika kama barua ya wakili. Nikaifuta nikapanda matatu hadi Kayole. Nilimkuta anafua. Hakufurahi kuniona, tuseme ukweli, alinipa stuli akaendelea kufua na mimi nikakaa pale nikaanza kumsaidia kuanika, na tukaongea juu ya watoto na bei ya unga na mwalimu wake mmoja wa kwaya, shamba hatukuligusa. Hadi leo hiyo kesi iko kwa chifu. Lakini tunaongea, na mwaka uliofuata yeye ndiye alikuja kwangu na chapati.

Kuhusu masomo, watu hukimbilia Luka 2 na mimi nitafika hapo, lakini misa ya mkesha tarehe 24 jioni injili yake ni Mathayo 1, ile orodha ya Ibrahimu akamzaa Isaka, Isaka akamzaa Yakobo, na watu husinzia. Msisinzie. Hiyo orodha ndiyo maandalizi mazuri zaidi ya kwenda ocha yenye najua. Angalia nani wamo. Tamari, ile stori yake na baba mkwe iko Mwanzo 38 na sitaisimulia hapa watoto wakisoma. Rahabu wa Yeriko, kahaba. Ruthu, Mmoabi, mgeni kabisa. Halafu mke wa Uria, Mathayo hata jina hakumpa, anataja tu bwana yake mwenye Daudi alimuua, ni kama anataka usisahau. Vizazi kumi na nne mara tatu, wafalme wabaya humo ndani ni wengi, na mwisho wa hiyo familia ndio anazaliwa Yesu aitwaye Kristo. Kwa hivyo ukifika nyumbani ukute ule mjomba wa pombe na yule binamu wa maneno ya ardhi na shangazi mwenye atakuuliza mbele ya watu utaolewa lini, ujue Bwana hakuchagua ukoo safi. Aliingia kwa ukoo wenye uko.

Sasa Luka. Kaisari Augusto anataka watu wahesabiwe, Yusufu anatoka Nazareti kwenda Bethlehemu kwa sababu ndio asili yake, yaani mtu anaenda ocha kwa amri ya serikali, zaidi ya kilomita mia moja, na mama mjamzito. Mtoto anazaliwa analazwa katika hori ya kulia ng'ombe kwa sababu hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni. Luka anataja hiyo hori mara tatu, mstari wa 7, wa 12 na wa 16, na ule wa 12 malaika anasema ndiyo ishara. Mwenye lojing aliyewafukuza hayuko kwa maandishi, hata punda hayuko, hao tumewaongeza sisi kwa michezo ya sande skulu (ng'ombe na punda wa pango la Krismasi, ule mfano wa mahali Yesu alizaliwa, watu waliwatoa kwa Isaya 1:3). Sina shida na punda, watoto wanampenda. Lakini hori msiiondoe.

Na wa kwanza kuambiwa ni akina nani? Wachungaji wakikaa makondeni na kulinda kundi lao kwa zamu usiku. Watu wa nait shifti. Nairobi tuko nao wengi, manesi, askari, wapishi wa hoteli, madereva, watu wa stima, na wengi wao hiyo tarehe 25 wako kazini na hawakuomba. Askari wa ploti yetu anatoka Busia na ana miaka kadhaa hajala Krismasi na watoto wake kwa sababu landilodi anasema Desemba ndio wezi wanazunguka. Kila mtu wa ploti humpelekea sahani. Sahani anapata nyingi, hadi zingine anazipatia mbwa wa jirani. Mwaka fulani nikabeba thamosi ya chai na stuli yangu nikaenda nikakaa naye pale getini baada ya misa ya usiku, nikamuuliza kuhusu kwao, akaniambia kifungua mimba wake anaimba tenor na hajawahi kumsikia kanisani ila kwa vidio ya simu. Alinionyesha hiyo vidio tukaiangalia mara kadhaa. Kama unaishi kwa korti au fleti fanya hivyo, ni kitu rahisi na haina gharama, na mwambie mzee wako wa nyumba aje pia, wanaume huwa wanasema wamechoka.

Sasa kitu chenye nataka kuongea kwa urefu kidogo. Krismasi ya kwanza baada ya msiba ni ngumu vibaya. Kwa jumuiya yetu kulikuwa na mama alizika bwanake mwezi wa tisa, Desemba ikafika, watu wakasema tumchangie, tukachanga, mweka hazina akatuma. Alisema asante. Halafu mmoja wetu akasema twendeni tu, tarehe 25 mchana, tukaenda tukiwa na sufuria zetu. Tulikuwa tumepanga kuimba. Akatuambia mlangoni, msiniimbie, tafadhali. Basi hatukuimba. Tulimenya viazi, tukapika, tukaosha vyombo, wengine wakakaa tu kwa sofa wakinyamaza, na jioni jioni ndio akaanza mwenyewe kuongea juu ya marehemu, alivyokuwa anapenda kuchoma nyama na haruhusu mtu aguse mkaa wake, akacheka, akalia, akacheka tena.

Watu hudhani Krismasi na kilio haviingiani. Soma Mathayo 2. Herode anaua watoto wa kiume Bethlehemu, wa miaka miwili na chini, na Mathayo anaweka pale pale maneno ya Yeremia, Raheli akiwalilia watoto wake na hataki kufarijiwa. Kanisa limeweka sikukuu ya hao watoto tarehe 28 Desemba, siku tatu tu baada ya Noeli, wakati sisi bado tunakula mabaki ya pilau. Hawakuiondoa ati iharibu sherehe. Na Yesu mwenyewe wakati huo ni mkimbizi Misri. Kwa hivyo kama una mtu mwenye amefiwa mwaka huu, au mimba imetoka, au kazi imeisha, usimwambie achangamke kwa sababu ni Krismasi. Nenda ukae. Na kama ni wewe umefiwa, hulazimiki kuchangamka, misa nenda hata ile ya asubuhi mapema yenye watu ni wachache, keti nyuma, ukilia ulie.

Watoto. Santa simkatazi, akae huko mall na watu wake. Kwa nyumba tengenezeni pango. Hii mambo ya pango ilipata umaarufu na Fransisko wa Asizi mwaka 1223, kijiji kinaitwa Greccio huko Italia, aliweka hori na nyasi, ng'ombe na punda wa ukweli, watu wakaja na mishumaa, kwa sababu alitaka waone kwa macho yao vile mtoto alikosa vitu. Boksi la viatu linatosha, nyasi si ziko hapo kando ya barabara. Hori iachwe tupu hadi usiku wa 24, na mtoto mdogo kabisa wa nyumba ndio aweke Mtoto Yesu. Wa kwangu aliwahi kuweka dinosa wa plastiki pale na wachungaji, tukamwachia.

Halafu kuna wale wa kusema 25 Desemba haiko kwa Biblia. Haiko kweli. Roma walikuwa wanaiadhimisha hiyo tarehe kufikia mwaka 336, na Waorthodoksi wa Ethiopia, tuko nao wengi hapa Nairobi, wao ni 7 Januari na wanafunga wiki nyingi kabla. Mimi hiyo siibishanii. Kama kanisa lenu halisherehekei, injili ya Luka bado mnayo, isomeni Juni.

Kwa wenye wanabaki Nairobi kwa kukosa nauli, msijifungie. Jiji hiyo wiki linakuwa zuri, hakuna jam, matatu hazina kelele, na kanisani siku hiyo unapata kiti. Tafuteni wengine wenye wamebaki, kila ploti iko nao, mle pamoja hata kama ni sukuma na kuku mmoja wa kugawana. Na mama wa nyumbani mpigie, usitume tu. Mpigie ukiwa umekaa, si ukiwa kwa foleni, umuulize maswali yenye majibu yake ni marefu.

Na Noeli haiishi tarehe 25, kanisa linaendelea nayo mpaka Epifania na Ubatizo wa Bwana, so hata mwenye alikuwa kazini bado ana nafasi. Sisi jumuiya yetu tarehe 27 tunaenda kwa nyumba moja ya wazee wasio na watu wa kuwatembelea. Mwenye anataka tukutane geti la kanisa saa nne asubuhi, usitume mchango na ukose kuja. Ukibeba kitu beba sabuni au mafuta ya kujipaka, soda na keki acha, wengi wao wako na sukari na yule sista wa pale ni mkali.