Kwa nini maji ya chumvi yanatiwa sukari?

Maswali ya wasomaji: Afya

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa mwaka mmoja na nusu alipoharisha, zahanati walinipa paketi za ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji ya kunywa. Jirani akaniambia nisimpe, kwa kuwa zina sukari na sukari huzidisha kuhara. Eti bora maji yenye chumvi tu. Nimsikilize nani? (Mama, Tanga)

JIBU: Marahaba, mama. Wasikilize zahanati. Jirani hakukosea kabisa, maana sukari nyingi kweli huzidisha kuhara. Lakini sukari kidogo, ya kipimo, ndiyo inayoyaingiza maji mwilini.

Anayeharisha sana akinywa maji ya chumvi peke yake, sehemu kubwa hupita tu. Kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna protini inayofanya kazi kama kivuko: huvusha glukosi (aina ya sukari) na sodiamu ya chumvi kwa pamoja, na bila mojawapo kivuko hakiondoki. Zikishavuka, maji huzifuata. Mwanasayansi Robert Crane alikieleza kivuko hiki mjini Prague mwaka 1960. Na hapa ndipo penye neema: sumu ya kipindupindu huufanya utumbo umwage maji kwa lita, lakini kivuko hicho haikiharibu.

Sukari ikizidi, hubaki utumbani na kuvuta maji kutoka mwilini. Ndiyo maana soda na juisi za dukani hazifai badala ya ORS. Chumvi ikizidi, sodiamu hupanda kwenye damu na mtoto anaweza kupata degedege. Kwa hiyo dawa hapa ni kipimo. Paketi ya lita moja ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, 13.5 za glukosi, 1.5 za kloridi ya potasiamu na 2.9 za sitreti ya sodiamu. Kosa la mara kwa mara ni kumimina paketi ya lita moja kwenye chupa ya nusu lita. Soma kwanza kilichoandikwa, maana ziko pia paketi za nusu lita.

Nawa mikono, chemsha maji, yaache yapoe, pima lita moja (chupa mbili za mililita 500), kisha mimina paketi yote na ukoroge mpaka iyeyuke. Usiongeze sukari wala maziwa, na usichemshe tena. Yakipita saa 24, mwaga uchanganye mengine. Kwa umri wa mwanao, mpe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji, kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10, halafu endelea polepole zaidi. Kunyonya na kula visikome.

Usivunjike moyo ukiona bado anaharisha. ORS hairudishi choo kuwa kigumu. Inarudisha maji na chumvi anazopoteza. Zinki ndiyo husaidia kufupisha kuhara: miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14 (chini ya miezi sita, miligramu 10). Ukiona analegea, hawezi kunywa, macho yamedidimia, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi taratibu, au choo kina damu, mpeleke hospitali hapohapo.

SWALI: Mwalimu wetu alisema ORS ilithibitishwa kwenye kambi ya wakimbizi. Ilikuwaje? (Mwanafunzi wa uuguzi, Mombasa)

JIBU: Kabla yake tegemeo lilikuwa dripu, ambayo daktari Thomas Latta aliijaribu kwa wagonjwa wa kipindupindu huko Scotland mwaka 1832. Dripu huokoa, ila inataka maji safi yasiyo na vijidudu, sindano na mtu mwenye ujuzi. Mwaka 1968, madaktari David Nalin na Richard Cash, wakiwa Dhaka, waliwapa wagonjwa 29 mchanganyiko wa kunywa, na mahitaji ya dripu yakapungua kwa takriban asilimia 80. Hata hivyo madaktari wengi walibaki na shaka.

Mwaka 1971 vita vya Bangladesh viliwasukuma mamilioni ya watu India, na kipindupindu kikazuka kambini. Pale Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu, wagonjwa wakiwa wamelala sakafuni. Akaamua kutumia vitu vinavyopatikana: kwa kila lita ya maji, gramu 22 za glukosi, 3.5 za chumvi ya mezani na 2.5 za magadi ya kuokea. Vilipimwa Calcutta, vikafungwa kwenye mifuko ya plastiki, kisha vikachanganywa kambini kwenye mapipa. Ndugu wa wagonjwa ndio waliowanywesha. Vifo, vilivyokuwa vikifikia asilimia 30, vikashuka chini ya asilimia 4. Kwangu mimi, kikombe kuwa mkononi mwa ndugu wa mgonjwa kina uzito sawa na kemia yenyewe. Kuanzia 1980 shirika la BRAC lilifundisha kina mama wa Bangladesh nyumba kwa nyumba, zaidi ya kaya milioni 12, na malipo ya mfundishaji yalitegemea mama anakumbuka na kuchanganya sawasawa kiasi gani.

SWALI: Usiku hakuna paketi wala duka. Nifanyeje? (Baba, Bukoba)

JIBU: Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kila kijiko ukisawazishe kwa mgongo wa kisu, kisifurike. Sukari ya mezani inafaa, kwa kuwa utumbo huivunja na kutoa glukosi. Onja kabla ya kumpa: yasiwe na chumvi kuliko machozi, yakizidi, mwaga uanze upya. Mchanganyiko huu hauna potasiamu, hivyo kukikucha tafuta paketi.