Besi wa Naivasha: badala ya kubadilisha chambo, soma maji chini ya magugu

SWALI: Naishi Lang'ata, Nairobi. Mwezi wa Aprili nilivua besi wawili (samaki anayeitwa bass kwa Kiingereza) Ziwa Naivasha, kando ya magugumaji. Julai nikarudi pale pale, nikaanza alfajiri, nikarusha katikati ya magugu hadi saa tatu. Sikupata kitu, na ndoano ilinasa kila mara. Nimebadilisha chambo mara nne. Kosa liko wapi? Na je, naweza kujifunzia Bwawa la Nairobi, ambalo liko karibu na kwangu?

JIBU: Ndugu yangu, chambo chako sidhani kina kosa. Ulirudi pale pale, lakini pale pale hapakuwa pale tena. Magugumaji hayana mizizi ardhini, huenda yanakosukumwa na upepo. Ukingo uliovua Aprili huenda Julai ulikuwa umefunikwa mita nyingi kwenda ndani, nawe ukawa unarusha juu ya maji ambayo samaki ameyahama.

Anayahama kwa sababu ya hewa. Majani ya gugumaji yako juu, kwa hiyo oksijeni yake huishia angani, haiingii majini. Zulia la magugumaji likishakuwa nene, mwanga haupenyi, mimea ya chini hufa, na kuoza kwake hula hata ile oksijeni kidogo iliyobaki. Inama unuse. Maji yakiwa meusi na yana harufu ya yai viza, ondoka. Ukiona perege wadogo wanatweta juu ya maji, ondoka vilevile.

Magugu yenye mizizi ardhini, yale yanayoota chini ya maji, ni jambo jingine, na hapo ndipo saa inapokuponza. Mchana hutoa oksijeni majini. Usiku nayo hupumua na kuitumia, kwa hiyo penye msongamano oksijeni huwa chini kabisa karibu na mapambazuko. Wavuvi wengi hushikilia alfajiri kama sala, nami siwalaumu, maana mwanga hafifu humsaidia besi kuvizia. Lakini alfajiri ivue nje ya magugu, kwenye ukingo na penye maji wazi. Jua likishapanda, kama saa nne hivi, ndipo uingie kwenye vijia na matundu yaliyo ndani. Wewe ulifanya kinyume, ukaondoka wakati samaki anaanza kurudi.

Hata gugumaji lina faida pembeni. Mizizi yake inayoning'inia huficha wadudu, vifaranga vya samaki na wale kamba wekundu wa Louisiana walioletwa Naivasha mwaka 1970. Besi anawapenda mno. Tafuta zulia jembamba lenye majani mabichi, lililo jirani na maji ya kina, au kona ambapo magugu yanakutana na mafunjo.

Kuhusu kunasa: tumia mnyoo wa plastiki, ncha ya ndoano uizamishe ndani ya mwili wake, na chubwi (kile kipande kizito cha kuzamisha mshipi) kidogo mbele. Mshipi uwe wa kusokotwa, wa nguvu ya pauni 30 au zaidi, kwa sababu besi akishauma hukimbilia mashinani. Rusha sambamba na ukingo. Ukirusha kuelekea ndani, chambo hukaa mahali pazuri kwa mita moja tu.

Halafu kuna ziwa lenyewe. Mwaka 2009 lilikuwa limenywea sana. Kufikia 2020 lilikuwa limefurika hadi kwenye nyumba za watu, na migunga ya ufukweni ikafia majini. Shina la mgunga uliokufa ni maficho mazuri ya besi, tena halihami na upepo. Mvua kubwa ikinyesha, mto Malewa huleta tope upande wa kaskazini. Besi huwinda kwa macho, kwa hiyo wakati huo mwombe nahodha akupeleke upande wa Crescent Island, kwenye kina kirefu.

Nikuambie ukweli pia: huyu samaki, aliyeletwa kutoka Marekani mwaka 1929, si mwingi kama zamani. Kapi, samaki mwenye sharubu anayechimbua tope na aliyeonekana ziwani mwaka 2001, ndiye aliyetawala. Inaniuma, kwa sababu maji yaliyochafuka humnyima besi macho. Ukimpata jike mwenye mayai, tafadhali mrudishe.

Usisahau leseni, na usiingie mafunjo bila nahodha mwenyeji. Viboko hulala humo. Na alasiri, upepo ukizidi, magugu yanaweza kufunga njia mliyopitia. Ondokeni mapema.

Bwawa la Nairobi, hapana. Magugumaji yamelifunika na majitaka yanaingia humo. Hata kushika ule mshipi uliolowa kwa mikono mitupu nisingekushauri. Nenda uwanja wowote wa mpira mtaani kwenu, toa ndoano, bakiza chubwi, uweke beseni hatua 15 mbele yako. Ukilipata mara saba kati ya 10, rudi Naivasha, uanzie nje ya magugu, na usikunje ufito kabla ya saa tano.