Mgao wa Maji Upangwe Mto Ukiwa Umejaa

Huku Njoro, Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, ugomvi wa maji huanza Januari. Mto Njoro unashuka kutoka msitu wa Mau ukiwa mwembamba, wenye pampu upande wa juu wanamwagilia usiku kucha, na wa chini wanaamka kukuta paipu zinatoa hewa. Ndipo watu wanapokimbilia kwa chifu. Mimi naona huo ndio wakati mbaya kabisa wa kuzungumzia maji. Viazi vinanyauka, deni la mbegu halijalipwa, nani atakubali kufunga valvu yake? Kaeni Mei, mvua inaponyesha na kila mtu ana moyo mweupe.

Na mkikaa, msianze kwa maneno. Anzeni kwa kupima. Nimekuwa mweka hazina wa mradi wetu wa maji, na sijaona kitu kinachotuliza mkutano kama ndoo ya lita 20. Iweke chini ya paipu inayoingia tangini, uhesabu sekunde kwa simu. Ikijaa kwa sekunde 10, mnapata lita 2 kila sekunde, yaani lita 7,200 kwa saa. Rudieni kipimo hicho kiangazi pia, kwa sababu mgao wenu utasimama juu ya kile cha kiangazi.

Sasa pigeni hesabu. Nyumba 60, kila moja ikitumia lita 100 kwa siku, ni lita 6,000. Haifiki hata saa moja ya mtiririko huo! Ekari moja ya kabeji kwenye jua kali inataka kama lita 16,000 kwa siku. Akina mama wetu wamelaumiwa miaka mingi kwamba wanamaliza maji kwa kufua, na jambo hilo liliniuma sana nilipoona hesabu yenyewe. Baada ya nyumba kupata zao, maji yaliyobaki kwa siku nzima yanatosha ekari 10 hivi. Mkiwa na ekari 20 za mboga, hakuna mwizi wa kutafutwa. Ama mashamba yapokezane siku, ama mpunguze mboga za kiangazi, na hilo huwezi kumwambia mtu Februari wakati ameshapanda.

Sheria iko upande wa nyumba. Sheria ya Maji ya 2016 inasema matumizi ya nyumbani yanatangulia mengine yote, na kwamba maji ya mto yako mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo mwenye shamba la juu hamiliki mto. Anayechota kwa mtungi kwa ajili ya nyumbani hahitaji kibali. Anayetega paipu au pampu anahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Mradi wenu pia, tafadhali! Mkimshtaki jirani huku nyinyi wenyewe hamna karatasi, mtaaibika.

Lakini kabla ya kushtaki, tumeni wazee wawili wamwendee. "Mzee, tumekuja kwako kama majirani, tunaomba utuachie maji kuanzia alfajiri hadi saa tatu." Wengi husikia. Asiposikia, pelekeni jambo hilo kwa chama cha watumiaji wa maji wa mto huo, halafu kwa Mamlaka.

Wapo watakaosema tuachane na mto tuchimbe kisima. Sawa, ila maji ya visima vingi vya Nakuru yana floridi nyingi kutokana na miamba ya volkano. Ndiyo inayowatia watoto wetu meno ya kahawia. Kuchemsha hakuiondoi. Pimeni kwenye maabara kabla ya kununua pampu, na floridi ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, kisima hicho kiwe cha mifugo na kufulia, watoto wanywe maji ya mvua. Paa la mita mraba 50 likipata mvua ya milimita 20 linaweza kukupa karibu lita 1,000.

Mkishakubaliana, andikeni saa za kila upande kwenye kitabu cha kumbukumbu, kila mwenye shamba atie sahihi, na ufunguo wa valvu akae nao mtu asiye na shamba la kumwagilia. Faini itajwe siku hiyo hiyo, kabla hajajulikana atakayeilipa.