Kukomaa kiroho: jibu kwa mleta mada anayetaka kuhama kanisa

Mleta mada ameeleza kwamba ameokoka miaka kadhaa sasa, hakosi mkesha wala kongamano hapa Dar es Salaam, ila akirudi nyumbani hasira zake ni zile zile, na anauliza kama ahamie kanisa lenye moto zaidi. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kilutheri huku Tabata, na ninajibu kwa niliyoyaona humo.

Kwanza asome 1 Wakorintho kwa utulivu. Katika sura ya 1 Paulo anakiri kwamba Wakorintho hawakupungukiwa na karama yoyote, ilhali katika sura ya 3 anawaita watu hao hao watoto wachanga katika Kristo, na sababu anayoitaja ni husuda na fitina zilizokuwa kati yao. Kumbe mtu anaweza kunena kwa lugha na bado akawa mchanga. Mkesha una faida yake, nami huhudhuria, lakini mkeshani hakuna anayekukorofisha: unaimba, unaomba, kukicha unapanda daladala kwenda zako.

Jumuiya, yaani kikundi kidogo cha washarika majirani wanaosali pamoja, ndiyo inayokorofisha. Yetu hukutana Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, nyumba kwa nyumba, na siku moja mama mmoja alisomewa mbele ya wote kuwa hajatoa mchango wa msiba, ilhali alikwisha kumkabidhi mhazini mkononi. Alinyamaza mpaka sala ya mwisho, kisha akamwita mhazini pembeni na kumwomba wapitie daftari pamoja, wakalikuta jina lake limeandikwa kwenye ukurasa wa msiba mwingine. Jumamosi iliyofuata mhazini alisimama mwenyewe na kusahihisha, bila mtu kumshurutisha. Mama yule hajawahi kushika kipaza sauti kanisani, lakini wanandoa wakikosana ni kwake wanakokwenda kubisha hodi. Waebrania 5:14 inasema watu wazima ni wale ambao akili zao zimezoezwa kupambanua mema na mabaya, na sioni mtu atazoezwaje pasipo kuudhiwa.

Ndugu wa Uamsho, yaani vuguvugu la Kikristo la toba lililoanzia Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930 na kuenea hadi Bukoba, walilielewa jambo hili vizuri. Aliyetubu kati yao aliungama mbele ya wenzake na kurudisha alichoiba.

Kwa hiyo namshauri mleta mada asihame kwa sasa. Amwombe mkewe, kama anaye, pamoja na mtu mmoja au wawili wanaomjua vizuri, wamwambie bila kumficha hasira zake zinawaka wapi na kwa nani, kisha aende kuwaomba radhi hao aliowaumiza. Aombe pia kazi yenye kero katika jumuiya, kwa mfano kukusanya michango (na anayekusanya michango Dar katikati ya mwezi atajifunza uvumilivu ambao hakuna semina inayoufundisha).

Lakini kama kanisa alipo kila hasira huitwa pepo, mtu akaombewa bila kuambiwa akapatane na aliyemkosea, hapo hoja ya kuhama ina uzito. Hata hivyo amuage mchungaji wake ana kwa ana na kuomba barua ya utambulisho, asitoweke kimyakimya.