Babu alikuwa Kopabelti: majibu kwa wanaotafuta habari za chama cha wachimbaji

Safari iliyopita niligusia chama cha wachimbaji Waafrika wa Kopabelti, yaani eneo la migodi ya shaba la Zambia, enzi hizo ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini. Barua zimefurika, nusu yake kutoka Mbeya. Wala sishangai: Tukuyu na Kyela ni nyumba chache ambazo hazikupeleka kijana kule. Nimechukua hizi sita.

Shikamoo mwalimu. Babu alitoka Rungwe akiwa kijana, akarudi 1957 na cherehani na baiskeli. Alikuwa akitamba, "tuligoma mpaka tukashinda." Sasa hayupo. Nianzie wapi? (Mjukuu, Tukuyu)

Marahaba mwanangu. Anzia kwenye sanduku la bati la bibi yako kabla hujapanda basi kwenda popote. Tafuta kadi ya chama, picha, na hasa tiketi. Tiketi ilihesabu zamu 30: ukizimaliza ndipo unalipwa. Ni ndugu yake kipande, kile wanachokijua wazee wa mashamba ya mkonge. Ukipata karatasi yoyote yenye namba ya kazi, inakili hapohapo. Jina la babu huenda karani aliliandika alivyolisikia, na karani wa Kitwe asiyejua Kinyakyusa ana uwezo wa kumgeuza Mwakyusa kuwa mtu nisiyemjua. Namba ni ileile.

Kisha jua mgodi. Roan Antelope uko Luanshya, Nkana uko Kitwe (ndiyo Nkana ya mpira, waliopigwa 3-1 na Simba pale Dar Desemba 2018), Nchanga uko Chingola, na Mufulira uko Mufulira. Majalada ya kampuni yamehifadhiwa Ndola, ya serikali yako Lusaka, na barua za Wizara ya Makoloni ziko kwenye hifadhi ya nyaraka ya Uingereza, Kew, London, fungu CO 795. Chama chenyewe makao yake ni Kitwe, katika jengo lenye jina la Lawrence Katilungu, rais wake wa kwanza.

Na hilo la "tukashinda" ni dokezo zuri. Chama kiliundwa 1949. Oktoba 1952 kiligoma wiki tatu, na mwanzoni mwa 1953 msuluhishi akawapa nyongeza. Januari 1955 kikagoma tena, siku 58, kikidai shilingi 10 na peni 8 zaidi kwa kila zamu. Safari hiyo watu walirudi kazini mikono mitupu. Kama babu hakuwa mtu wa chumvi nyingi, alikuwa anasema habari za 1952.

Eti ngoma yetu ya beni iliwahi kushtakiwa kwa kuchochea mgomo huko? Au ni hadithi za barazani? (Mombasa)

Si hadithi. Beni ilizaliwa pwani yenu miaka ya 1890, na gwaride lake na vyeo vyake vya kina Kingi. Askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza wakaisambaza bara, ikafika kwenye shaba ikiitwa Mbeni. Mei 1935 serikali ilipandisha kodi ya wanaume wa migodini kutoka shilingi 12 na peni 6 hadi shilingi 15, na habari ikawaangukia watu kama jiwe. Mufulira waligoma tarehe 22, Nkana wakafuata, na tarehe 29 ikawa zamu ya Roan. Hapo Luanshya, mbele ya ofisi ya kompaundi (makazi ya wachimbaji), polisi walifyatua risasi na watu 6 wakafa.

Chama hakikuwepo bado, miaka 14 kabla. Basi wakubwa wakaumiza vichwa: habari ilisafirije kutoka mgodi hadi mgodi? Tume ya uchunguzi iliongozwa na Sir Alison Russell, aliyewahi kuwa jaji mkuu wa Tanganyika. Ilihoji juu ya Mbeni, ikahoji pia juu ya wafuasi wa dini ya Watch Tower, wale ambao Wakongo wanawaita Kitawala. Mimi naona tume ilikuwa inatafuta mkuu wa njama mahali ambapo palikuwa na watu wanaojuana tu. Ukicheza ngoma Jumapili na mtu wa kompaundi nyingine, Jumatatu huhitaji barua kumweleza kodi imepanda. Asante kwa swali hili, limenifurahisha kuliko yote.

Jambo baba. Union Minière ya kwetu Katanga, ilikuwa chama cha wafanyakazi? (Lubumbashi)

Hapana mama, ilikuwa kampuni ya migodi. "Union" hapo ni muungano wa wenye mali. Weusi wa kwenu waligoma bila chama chochote Desemba 1941. Léonard Mpoyi, aliyesimama kuwasemea, alipigwa risasi pamoja na wenzake wengi kwenye uwanja wa mpira.

Ninaandika tasnifu. Je, taarifa za mameneja wa kompaundi zinaaminika? (Mwanafunzi, Dar es Salaam)

Zinaaminika kwa mishahara, tarehe na uzito wa posho. Kwa fikra za wachimbaji, kuwa macho. Mfano: taarifa nyingi zinawasifu wazee wa kikabila waliowekwa na kampuni kama sauti ya wafanyakazi. Ukiishia hapo utaandika kwamba watu waliwapenda. Lakini 1935 wazee wa Roan hawakuweza kuwazuia watu wao, na 1940 pale Nkana, ambapo watu 17 waliuawa, hawakusikilizwa. Kisha 1953 chama kiliitisha kura, na wanachama wakakubali kwa wingi mkubwa wazee hao waondolewe. Meneja aliandika kile alichotamani kiwe. Weka taarifa yake kando ya kura.

Bibi yangu naye aliishi kompaundi ya Mufulira. Anasema "mimi sikufanya kazi, nilikaa tu." Nimuulize nini? (Kyela)

Dada, usimwulize kuhusu kazi. Muulize siku hiyo walikula nini. Mimi mjane mmoja aliniambia vivyo hivyo, alikaa tu. Nilipouliza mboga ilitoka wapi wakati wa mgomo, alivua kanga ya begani akaitandika mkekani, akanichorea kwa kidole: hapa kijito, hapa bustani, hapa kwa mwenzangu tuliyepika naye pombe, na hapa njia tuliyopita usiku polisi wasituone. Tulikaa pale mpaka adhuhuri. Siku 58 hazikuliwa kwa maazimio ya mkutano, na bustani hizo hutazikuta Ndola wala London.

Nimemrekodi mzee wa mtaani kwa simu. Naweza kumrusha WhatsApp? (Tunduma)

Umemwomba? Kukubali kuongea nawe si kukubali kusikika na Tunduma nzima, hasa kama amemtaja mtu aliyeenda kazini wenzake wakigoma. Wajukuu wa mtu huyo huenda wako kwenye kundi hilohilo. Rudi kwake na simu, msikilize pamoja, na akisema "hapo kata," kata.